Spika za Baba Mkubwa na Besi Tuliyonyimwa

Nianze kwa kukiri jambo. Maisha yangu yote nimesikiliza muziki wa zamani wa nchi hii: kwenye daladala, kwenye redio ya jikoni, misibani, kwenye simu. Na bado sikuwa nimewahi kuusikia. Subirini nieleze kabla hamjanicheka.

Mwezi uliopita mama mkubwa alinipigia simu. Nyumba yao ya Magomeni inafanyiwa ukarabati, na sebule inakatwa ili kipatikane chumba cha kupangisha. Vitu vikubwa lazima vitoke: kabati la vyombo, friji bovu, na "yale makabati mawili ya muziki ya baba yako mkubwa". Seremala alishazipigia hesabu mbao zake. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye alishataja bei ya sumaku. "Mwanangu, unayataka au tuyatoe?" akaniuliza. Nikasema nayataka, bila hata kujua nitayaweka wapi.

Basi bwana, nikakodi kirikuu, nikayahamishia kwangu Sinza, kwenye chumba kimoja na sebule ndogo. Yalipoingia, sebule ikawa haina tena nafasi ya meza. Sasa hivi nakula kwa kuweka sahani juu ya spika. Mniombee.

Spika zenyewe ni Celestion Ditton 66, za Uingereza, za miaka ya 1970. Kampuni ya Celestion ilianza mwaka 1924, na jina la Ditton linatokana na Thames Ditton, pembeni mwa London, kilipokuwa kiwanda chao kabla ya kuhamia Ipswich. Leo Celestion inajulikana zaidi kwa spika zinazofungwa ndani ya amplifaya za magitaa, kwa hiyo inawezekana umeshasikia kazi yao mara nyingi bila kujua. Baba mkubwa alikuwa kule masomoni mwishoni mwa miaka hiyo. Wenzake walirudi na makoti na masuti. Yeye alirudi na makasha mawili, kila moja lina urefu wa karibu mita nzima, mbao nje, kitambaa cheusi mbele.

Nikaunganisha kwenye amplifaya ya Kijapani ya zamani niliyoazima kwa rafiki, nikachomeka simu, nikakaa kitako kusubiri miujiza. Ndugu zangu, ilikuwa aibu! Besi ilivuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Upande wa kushoto sauti za juu hazikuwepo kabisa. Nikajisemea, kumbe wale wa vyuma chakavu walikuwa na akili.

Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yana funzo. La kwanza lilikuwa langu. Nilizisukumiza spika kwenye kona mbili ili nipate njia ya kupita. Kona hukuza besi, maana sauti nzito haiendi mbele tu, inasambaa pande zote, na kuta mbili pamoja na sakafu huirudisha yote kwako kwa mkupuo. Kuta zetu za saruji na sakafu ya vigae huongeza mwangwi juu yake. Nikazivuta mbele, karibu hatua moja kutoka ukutani, nikatandika zulia, nikaning'iniza pazia zito dirishani. Nusu ya uvumi ukaondoka bila kulipa hata senti.

Kosa la pili lilikuwa la umri. Fundi mmoja wa Kariakoo alifungua spika ya kushoto akanionyesha saketi inayogawa sauti, yaani ile inayopeleka sauti nzito kwenye koni kubwa na nyembamba kwenye twita. Kapasita zake zilikuwa zimechoka. Kapasita za aina ile hukauka kadiri miaka inavyokwenda, na hizi zilishapita miaka arobaini kwenye joto la Dar. Tukabadilisha za spika zote mbili ili zilingane. Twita ikafufuka. Fundi akaniambia nimshukuru Mungu, kwani spika nyingi za zama zile zilifungwa ukingo wa sponji kuzunguka koni, na sponji kwenye unyevu wa pwani huoza mpaka ukiigusa inabaki unga mkononi. Hizi zimepona.

Sasa nije kwenye kusikiliza kwenyewe.

Nilianza na Mbaraka Mwinshehe. Huyu ndiye kijana wa Morogoro aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Nyimbo zake nazijua kwa moyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna mtu wa besi. Nasema kweli! Kwenye simu yangu kuna Mbaraka, kuna gitaa lake linalolia, kuna saksofoni, na nyuma kuna kitu kama ukungu. Kwenye Ditton ule ukungu uligeuka kuwa binadamu. Anatembea, anasimama, anamsubiri mpiga ngoma, anaingia tena. Gitaa la pili, ambalo nilidhani ni mwangwi wa la kwanza, likahamia mahali pake likawa na maneno yake. Nilirudia wimbo mmoja mara tano, halafu nikakumbuka nina habari ya kuandika kwa ajili ya asubuhi.

Hakuna uchawi hapo. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Kusukuma hewa kwa mwendo huo kunataka koni kubwa. Koni ya Ditton ina kipenyo cha inchi 12, wakati kaspika kako ka Bluetooth kana inchi mbili hivi. Kipenyo kimezidi mara sita, kwa hiyo eneo limezidi mara 36! Kaspika hakawezi, kwa hiyo kanakupa kivuli cha noti, na ubongo wako unajaza pengo. Halafu Ditton ina ujanja mwingine. Chini kabisa kuna koni ya pili ya inchi 12 ambayo haina sumaku wala waya. Kazi yake ni kusukumwa na hewa iliyofungwa ndani ya kasha pale koni ya kwanza inapocheza. Umewahi kuona ngoma yenye ngozi pande mbili? Ukipiga huku, ngozi ya kule inatetemeka. Ndiyo hiyo hiyo.

Msije mkadhani nimekuwa mlokole wa vitu vya zamani. Nilimwita binamu yangu, shabiki wa singeli, nikamgeuza uso ukutani, nikapiga nyimbo zile zile kwenye Ditton na kwenye sabufa yangu ya kawaida. Tulilinganisha ukubwa wa sauti kwa programu ya simu, maana sikio hudanganyika, kinachopiga kwa nguvu zaidi huonekana ndicho bora. Kwenye singeli Ditton ilishindwa vibaya. Besi yake ni ya mviringo, inachelewa kidogo kuondoka, na muziki unaokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika haumsubiri mzee. Kila kitu kilirundikana. Kwenye Bongo Fleva ya leo walitoka sare. Kwenye Mlimani Park na Franco, binamu aligeuka kabla sijamaliza na kuuliza, "Hii bendi iko wapi siku hizi?" Nikamwambia Franco alifariki mwaka 1989. Akanyamaza. Binamu mmoja si utafiti, najua, lakini nimeona nikuandikie nilichokiona, pamoja na kile kisichonifurahisha.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu.

Vijana wenzangu tumezoea kusema zilipendwa ni muziki "mwepesi", "hauna mzigo". Nami nimesema hivyo, tena kwa maandishi. Lakini tumeuhukumu tukisikiliza nini? Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwenye kanda, na santuri zikachapwa Nairobi. Kilichotufikia sisi ni wimbo ulionaswa redioni kwenye kaseti, kaseti ikarudufiwa, ikachomwa kwenye CD, CD ikageuzwa MP3, MP3 ikatumwa WhatsApp, halafu ikapigwa kwenye kitundu cha simu. Kila hatua imekata kitu, na kinachoumia zaidi ni sauti za mwanzo na za mwisho, yaani besi na matoazi. Tumebakiwa na katikati, halafu tunasema wazee hawakujua besi! Ni sawa na kula ganda la chungwa kisha kutoa hukumu juu ya shamba.

Hoja inayopinga naijua, maana mhariri wangu ameshanirushia usoni: hizi ni anasa. Nani ana nafasi ya makasha ya mita moja katika chumba cha kupanga? Nani ana jirani mvumilivu? Ni kweli kabisa. Wangu alishagonga mlango mara mbili, na mara ya pili alikuwa na haki. Sisemi kila mtu akanunue. Nasema nyumbani kwa wazazi wetu, wajomba zetu, kuna makasha yaliyogeuzwa stendi ya televisheni au meza ya vitambaa vya kufuma. Kabla seremala hajaja, washeni kwanza. Badilisheni kapasita. Sikilizeni wimbo mmoja tu mnaodhani mnaujua.

Jambo la mwisho, na kusema kweli ndilo lililonifanya niandike leo. Baba mkubwa ana miaka zaidi ya sabini, na masikio yake yamekwisha. Sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza uzeeni, na pamoja nazo huondoka nusu ya herufi za maneno. Kwa hiyo sebuleni kwake watu huongea, yeye hutabasamu na kuitikia mahali ambapo hapakuulizwa kitu. Miaka minne mitano sasa tumemzoea hivyo, mzee wa kutabasamu. Sisi ndio tuliacha kumsemesha.

Jumapili iliyopita nilimleta Sinza. Nikamsalimia, "Shikamoo baba mkubwa," akaitika kwa kusoma midomo yangu. Nikamkalisha kwenye kiti cha katikati, akavua viatu mwenyewe. Nikapiga Mbaraka. Kwa muda hakusema kitu, ameweka nyayo zote mbili sakafuni, mkono mmoja juu ya kasha. Kisha akaanza kupiga goti kwa kidole. Hakuwa akipiga ngoma. Alikuwa akimfuata yule mtu wa besi niliyemgundua mimi juzi. Akasema, bila mimi kumuuliza, "Huyu alikuwa anasimama nyuma kabisa. Hatukuwa tunamwona. Lakini yeye ndiye tuliyekuwa tunamcheza." Halafu akaongea kwa saa nzima: Morogoro, kumbi, viatu vya soli nene, msichana mmoja ambaye jina lake mama mkubwa asilisikie. Mimi mwandishi wa habari, ninayelipwa kwa kuuliza watu maswali, sikuwahi kumuuliza hata moja kati ya hayo.

Wiki hiyo hiyo mtu mmoja anayepamba baa za kisasa alikuwa amenipa bei ya spika hizi: shilingi laki tisa, taslimu. Kodi yangu ilikuwa imefika na mshahara ulikuwa bado. Sitawaficha, nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe wa kukubali. Jumapili usiku niliufuta. Nimeuza sabufa, nimekopa kilichobaki kwa binamu, na mwenye nyumba nimemlipa miezi miwili badala ya mitatu. Amenuna, atanunuka.

Kila Jumapili sasa kirikuu haihitajiki, bajaji inatosha, maana anayesafiri ni baba mkubwa. Nimeanza kurekodi maongezi yake. Na wewe ndugu msomaji, kwenu lile kabati lililofunikwa kitambaa, lina nini ndani? Na mwenyewe umeshamuuliza?