Kiwanda Kilichositishwa na Chembe Tusizozitengeneza

Aprili 2024 kampuni ya Moderna ya Marekani ilisitisha mpango wake wa kujenga kiwanda cha chanjo nchini Kenya, kilichotarajiwa kutoa hadi dozi milioni 500 kwa mwaka. Ilisema haijapata agizo lolote la chanjo kwa ajili ya Afrika tangu 2022. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilijibu kwa ukali: mwaka 2021, bara lilipozihitaji chanjo za Uviko, halikuzipata.

Hasira hiyo ni ya haki. Lakini haitengenezi chanjo.

Kinachofanya chanjo za mRNA, kama za Moderna, ziwezekane ni chembe ya mafuta yenye upana wa nanomita 100 hivi. Bila chembe hiyo, mRNA, yaani ujumbe unaoielekeza seli kutengeneza protini ya kirusi, huharibiwa mwilini kabla haijafika popote. Chembe huundwa kwa aina nne za mafuta, lehemu ikiwa mojawapo, na kazi ngumu zaidi hufanywa na lipidi inayobadilika chaji. Ikiwa kwenye damu, lipidi hiyo hutulia bila chaji. Seli ikishaimeza chembe ndani ya kifuko chenye asidi, lipidi hupata chaji chanya, ikatoboa kifuko, na mRNA ikatoka kwenda kufundisha kinga ya mwili kumtambua adui. Ujuzi wenyewe umo katika kuchagua mafuta hayo, kuyachanganya kwa kasi sahihi na kuyahifadhi yasiharibike. Chanjo ya Pfizer ilianza kwa kudai baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na zahanati zetu zinajua maana yake.

Wananchi nao waambiwe ukweli wote. Chanjo za Uviko zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, ila kinga dhidi ya maambukizi yenyewe ilififia baada ya miezi kadhaa, na vijana wachache wa kiume walipata uvimbe wa misuli ya moyo. Anayeficha hayo huwapa nguvu wazushi.

Je, ujuzi huo wa kutengeneza chembe unaweza kukaa Afrika? Unaweza. Afrigen ya Cape Town, kituo cha mradi ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilitengeneza chanjo ya mRNA kwa kutumia taarifa zilizokuwa wazi kwa umma, bila msaada wa Moderna.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa kuufanya mpango wa kiwanda cha Kenya utegemee mno soko la Uviko. Virusi vya Marburg viliua watu Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, na hadi wakati huo havikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Homa ya Bonde la Ufa hurudi mara kwa mara kwa wafugaji wetu baada ya mvua kubwa. Soko la chanjo za magonjwa hayo ni dogo mno kumvutia mfanyabiashara wa mbali, kwa hiyo wanunuzi lazima tuwe sisi. Umoja wa Afrika unataka asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe hapa ifikapo 2040. Wizara za afya za Afrika Mashariki zisaini kwa pamoja mkataba wa ununuzi wa miaka mingi, wenye fedha ndani ya bajeti, kabla ya kumwalika mwekezaji mwingine kuweka jiwe la msingi.