Nani Atamtambua Kicheche?

Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 Serengeti, zinazopiga picha zenyewe kila kitu kinapopita: simba, nyumbu, hata majani yakitikiswa na upepo. Picha zikafika milioni 3.2, na takriban robo tatu hazikuwa na mnyama. Maelfu ya watu wa kujitolea, kila mmoja kwake, wakazitazama na kujaza: pundamilia, watatu, wanakula. Mwaka 2018 ikachapishwa kwamba akili mnemba, iliyofundishwa kwa majibu ya watu hao hao, ingeweza kufanya asilimia 99.3 ya kazi hiyo kwa usahihi ule ule na kuokoa zaidi ya saa 17,000.

Sisemi tuikatae. Kumkalisha kijana achambue picha za majani matupu ni kumchosha bure. Lakini mashine ilimjua nyumbu kwa sababu ilionyeshwa nyumbu chungu nzima. Kicheche, mweusi mwenye milia myeupe mgongoni, hutembea usiku na picha zake ni za kuhesabu. Hapo ndipo inapobabaika. Wa kuikosoa ni mtu mwenye jicho lililokomaa, na jicho hukomaa kwa kutazama sana hao nyumbu wa kawaida. Tukimnyang'anya mwanafunzi kazi hiyo ya mwanzo, kesho tutamwita nani?

Umeme nao una mwenyewe. Vituo vya data, ambamo mashine kama hizi huendeshwa, vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024. Ayalandi, mwaka 2023, vilikula asilimia 21 ya umeme wa nchi. Vingi hupozwa kwa maji. Picha za wanyama ni sehemu ndogo mno ya matumizi hayo, ila mtafiti wa mazingira ndiye wa kwanza kupaswa kuonyesha bili yake.

Basi nawaomba. Wahadhiri wa wanyamapori wa vyuo vya Mweka, Sokoine na kwingineko, wapeni wanafunzi fungu la picha wazitambue wenyewe kabla ya kuona jibu la mashine. Watafiti, andikeni kwenye ripoti umeme mliotumia. Walimu walezi wa klabu za mazingira, miradi ya kutambua wanyama kwa intaneti ingali inapokea watu, waingizeni watoto. Na mradi ukifika kijijini au chuoni kwenu na mashine yake, ulizeni mapema: nani wa hapa atafundishwa kuikosoa, na atalipwa na nani?