Kinywaji cha mtandao: Soma chupa kabla ya kumsikiliza muuzaji

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi na wagonjwa wa kisukari, presha na figo si la vidonge vyao. Wanataka kujua kama kampuni fulani ya biashara ya mtandao, inayouza kinywaji cha afya kwa pakeji, ni ya halali au ni ya matapeli. Wengi wanauliza wakiwa wameshatoa fedha. Na aliyewauzia si mtu baki: ni shemeji, ni mwalimu wa mtoto, ni mama wanayekaa naye kikoba kimoja. Ndiyo maana swali ni gumu kwao.

Kwenye semina jibu la swali hilo ni karatasi. Utaonyeshwa cheti cha Brela, namba ya mlipakodi kutoka TRA na picha ya jengo refu la vioo huko ughaibuni. Vyote vinaweza kuwa vya kweli. Cheti cha Brela kinasema kampuni imeandikishwa, na namba ya TRA inasema inatambulika kwa kodi. Hakuna kati ya hivyo kilichoangalia kama kinywaji kinashusha sukari. Usajili wa bidhaa uko kwingine: dawa ziko TMDA, dawa za asili ziko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na tangu 2019 vyakula vimehamishiwa TBS. Muulize muuzaji, hiki kimesajiliwa kama nini, na wapi? Kama ni chakula, kimekaguliwa kama chakula. Kinabaki kuwa juisi hata kikiuzwa shilingi 85,000 kwa chupa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote unaweza kukifanya ukiwa umekaa kwenye kochi lako. Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Kwa bidhaa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani utakuta sentensi inayosema haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Kampuni haikuiandika kwa unyenyekevu. Imetokana na sheria ya huko ya virutubisho ya mwaka 1994. Sasa msikilize anayekuuzia. Anakuambia kuna mzee alikuwa akatwe mguu na sasa anatembea. Anakuambia vivimbe vya kizazi vimeyeyuka, presha imekwisha, figo zimeamka. Kampuni imekataa kwa maandishi kile ambacho wakala wake anakiahidi kwa mdomo. Ukidhurika, kampuni itakuonyesha chupa, na wakala atakuambia yeye alikuwa anatoa ushuhuda tu.

Kama lebo na mdomo havisemi kitu kimoja, mimi sihitaji kuona cheti kingine.

Kuna pia ile mashine. Unashika kijichuma dakika moja, kompyuta inatoa kurasa za magonjwa yako: ini limechoka, figo zina sumu, mifupa imepungua madini. Halafu, kwa bahati ya ajabu, dawa ya yote hayo iko kwenye kabati lililo nyuma ya mpimaji. Hali ya figo tunaijua kwa kupima damu na mkojo. Kushika chuma hakupimi kreatini ya mtu.

Linalonitia hofu zaidi ni maneno "ni sumu inatoka". Mgonjwa anakunywa kinywaji, anaanza kuharisha, kichwa kinamgonga, miguu inavimba, vipele vinamtoka. Akimpigia simu aliyemuuzia, anaambiwa asiogope, mwili unajisafisha, na aongeze kipimo. Tafakari maneno hayo yanafanya nini. Ukipata nafuu, kinywaji kimefanya kazi. Ukizidiwa, kinywaji kinafanya kazi zaidi. Mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kusikia mwili wake unapopiga kelele, na anafika hospitali akiwa amechelewa. Kuvimba miguu kwa mgonjwa wa moyo au figo ni dalili ya kumwahisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Kuharisha kwa mtu anayetumia dawa za kushusha presha kunaweza kumkausha maji hadi figo ziumie.

Wala neno "asilia" si kinga. Mwaka 2000 jarida la Marekani la magonjwa ya figo lilichapisha taarifa ya mgonjwa aliyefuata mlo wake vizuri lakini potasiamu yake ya damu ikabaki juu. Ikaja kugundulika anakunywa juisi ya noni. Walipoipima, potasiamu yake ilikuwa karibu sawa na ya juisi ya machungwa. Kwa mwenye figo nzima hiyo si habari. Kwa mwenye figo zilizoshindwa, potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko uhalali wa kampuni unakopimwa. Kuuza bidhaa kwa mtandao si kosa kwa asili yake. Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliamua kuwa Amway haikuwa upatu wa piramidi, kwa sababu ilikuwa na kanuni za kurudisha mzigo usiouzika na za kumtaka mwanachama auze kweli kwa wateja wa nje. Lakini Agosti 2015 tume hiyo hiyo iliishtaki Vemma, kampuni ya Arizona ya vinywaji vya afya na vya kuongeza nguvu iliyokuwa ikiwalenga wanafunzi wa vyuo. Mtu alihimizwa kuanza na pakeji ya takriban dola 600, kisha anunue bidhaa za dola 150 kila mwezi ili asipoteze bonasi. Shauri lilimalizwa Desemba 2016, na Vemma ikazuiwa kulipa kamisheni pale ambapo sehemu kubwa ya mapato haitokani na wateja halisi. Ikazuiwa pia kutoa madai ya afya yasiyo na ushahidi.

Kwa hiyo uliza hivi: nani anakunywa hiki kinywaji bila kutafuta bonasi? Kama wanunuzi wote ni wanachama, na wanachama wananunua ili pointi zisife, fedha unayoahidiwa inatoka kwa utakayemwingiza. Wanakuambia ni watu sita tu. Sita wakiingiza sita kila mmoja, na hao wakafanya vivyo hivyo, ukifika ngazi ya kumi mtandao wako unahitaji watu zaidi ya milioni 72. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchi nzima, pamoja na wachanga. Tunaokumbuka DECI mwaka 2009, na mbegu zake, tunajua waliochelewa kuingia walibaki na nini. DECI haikuwa na chupa. Chupa inaufanya upatu uonekane kama duka, na mwanachama aliyepata hasara ataambiwa hakula hasara, alikunywa afya.

Wazazi, naomba mnisikilize hapa. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka saba mwenye selimundu, akiwa na maumivu makali ya mifupa na damu imeshuka. Wiki tano zilizopita alikuwa amesimamisha foliki asidi na hydroxyurea, kwa kuwa aliambiwa "kemikali" zinakizuia kinywaji kisifanye kazi. Fedha ya nauli ya kliniki ilikuwa imeingia kwenye pakeji. Hakuwa mzembe, alikuwa mama aliyechoka kumwona mwanawe akilia usiku, na mtu anayemwamini akamwambia kuna njia. Kampuni yoyote ambayo watu wake wanamwambia mgonjwa aache dawa, kwangu si halali, hata iwe na mihuri kumi.

Kama chupa tayari iko nyumbani, usiache vidonge vyako hata siku moja, vya sukari, vya presha, vya kifafa, vya VVU. Njoo nayo kliniki, lebo ikiwa bado imebandikwa, umwambie daktari unakunywa kiasi gani na tangu lini, hatakufukuza. Kama kilikuletea madhara, taarifa inapokelewa na TMDA kwa dawa, na TBS kwa chakula, hivyo tunza chupa na risiti. Na kabla hujamlipa mtu pakeji ya kwanza, mwombe akuandikie kwenye karatasi, kwa jina lake na sahihi, kinywaji hiki kinatibu ugonjwa gani na fedha yako itarudishwaje usipopona. Uone kama atashika kalamu.