Ulemavu wa tumbo hauonekani, lakini una haki yake

Mwaka 1916, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipopambana Kondoa Irangi, askari wengi hawakuangushwa na risasi. Waliangushwa na malaria na kuhara damu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado tunadhani aliyelemaa ni yule anayetembelea gongo.

Msomaji, mfikirie utingo aliyebanwa na mzigo wa lori akiwa kazini. Utumbo ulipasuka, akapasuliwa, sehemu ikakatwa. Leo kovu limepona, lakini anakwenda chooni mara nane kwa siku, uzito unapungua, na safari ya basi kutoka Kondoa hadi Dodoma haiwezi tena. Mbele ya daktari wa tathmini ananyoosha mikono na miguu, anaonekana mzima. Anapewa asilimia ndogo.

Asilimia hiyo si namba tu. Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, mpaka ni asilimia 30. Ulemavu wa kudumu usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi, mfanyakazi hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa familia, tofauti hiyo ni ada ya watoto na chakula cha miaka mingi.

Usiporidhika, usiishie kunung'unika nyumbani. Sheria inakupa haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya na kukata rufaa. Ila rufaa hubebwa na karatasi. Omba nakala ya taarifa ya upasuaji, usitegemee cheti cha kuruhusiwa peke yake. Pima uzito kila mwezi, uandikwe. Weka daftari: umekwenda chooni mara ngapi, siku gani umeshindwa kazi. Uliza mapema mwisho wa kupeleka rufaa ni lini.

Na usione haya. Kama choo kinakutoka bila kujua, mwambie daktari. Asichoambiwa hawezi kukiandika. Mzazi, kijana wako aliyeumia anaweza kukuficha hili kwa aibu; muulize kwa upole, mkiwa wawili tu.

Kwa wanaotathmini, ombi langu ni moja: msiishie kwenye kovu. Muulizeni mgonjwa siku yake inakwendaje, tangu anapoamka hadi anapolala. Hapo ndipo ulemavu wa tumbo ulipojificha.