Wiki za Miale, na Mshahara Je?



Penye kichocho kingi, mvulana akikojoa damu watu husema anakua. Sivyo. Cabo Delgado ni mkoa wa kichocho, nasi wa Nhica do Rovuma tunalima, tunavua na kuoga katika maji hayo hayo. Mayai ya minyoo yake yakikaa miaka mingi katika ukuta wa kibofu huweza kuleta saratani. Wenzetu wa viwandani nao wana yao: mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliona uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Sigara nayo inachangia.

Ugonjwa ukishaingia katika msuli wa kibofu, wengi wetu husema basi tena. Lakini mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 360 wa hatua hiyo. Wote walipigwa miale. Nusu yao waliongezewa dawa mbili za saratani, fluorourasili na mitomaisini. Baada ya miaka 2, kati ya kila 100 waliopata miale pamoja na dawa, 67 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi kibofuni na jirani yake. Waliopata miale peke yake walikuwa 54. Na wengi walibaki na kibofu chao. Tusidanganyane, saratani ya kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, na hiyo madaktari hupendelea kuikata. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa kwanza.

Sasa lililo letu. Miale hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6 na nusu. Hospitali Kuu ya Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Ocean Road ya Dar es Salaam iko karibu zaidi, ila katikati kuna mto na mpaka. Kibarua anayelipwa kwa siku atakula nini huko, na watoto nyumbani je?

Tunadai mikataba iseme wazi: mshahara kwa wiki zote za matibabu, nauli ya mgonjwa na ya anayemwuguza, na kazi yake imngoje. Vibarua wa msimu wahesabiwe pia, maana ndio wanaoshinda majini.

Mkojo upimwe kazini kila mwaka. Kichocho chenyewe hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na mwajiri hawezi kutuambia hilo ni ghali. Anayeona damu leo asingoje zamu ya kupimwa: aende kituo cha afya kesho asubuhi, na mwakilishi wa tawi amwombee ruhusa.