Nywele Nyeusi Si Deni



Wapo watakaotucheka leo. Watasema: gazeti la siasa limekosa habari hata limeingia katika nywele za wanawake? Je, mishahara imekwisha kutosha? Vumbi la mgodi limekwisha kutulia? Maji yamefika katika kila nyumba? Tunajibu: hayo yote bado, wala hatutaacha kuyasema. Lakini mtu aliyekubali kwamba kichwa alichozaliwa nacho ni kasoro, huyo ameshindwa kesi kabla hajaingia barazani. Atadaije haki yake mbele ya bwana mkubwa, naye moyoni anaamini kwamba ameumbwa na upungufu? Kwa hiyo jambo la nywele ni jambo letu sisi sote.

Tuseme tuliyoyaona. Binti wa jirani zetu, ambaye hatutamtaja jina, alialikwa arusi ya siku ya Jumamosi. Ijumaa usiku alikaa jikoni na rafiki yake. Walikuwa na pakiti ya unga wa bluu, chupa ya maji ya oksijeni, bakuli la bati na kijiko cha kulia. Maandiko ya pakiti yalikuwa ya lugha ambayo wote wawili hawakuijua. Wiki mbili kabla ya hapo nywele zile zile zilikuwa zimekwisha kupakwa dawa ya kuzinyoosha. Wakakoroga, wakapaka, wakafunika kwa mfuko wa plastiki. Mwenye duka alisema dakika thelathini. Dakika thelathini zikapita, nywele bado nyekundu, wakangoja saa nzima. Kichwa kilipoanza kuwaka moto, rafiki akamwambia: vumilia, dada, uzuri hauji bure. Asubuhi nywele zilitoka pamoja na kitana. Arusini hakwenda. Alikwenda zahanati, akarudi amefungwa kitambaa kichwani, na mama yake akalipa dawa ya vidonda kwa fedha ya unga wa bukari.

Msichana huyu hatumcheki. Tunauliza tu: alimwagiwa nini kichwani, na ni nani aliyemfundisha kwamba anakihitaji?

Ndugu wa viwandani, ninyi mtaelewa upesi kuliko wote. Mnajua kazi ya kiwanda cha Luilu tangu kilipoanza mwaka 1960. Mawe husagwa, asidi huyeyusha shaba iliyomo, umeme huikusanya, na mabaki hutupwa. Je, mmewahi kuyaona mabaki yale yakijigeuza tena kuwa mawe yenye shaba? Hata siku moja. Basi nywele nazo zina mali ndani yake. Mali hiyo ni rangi nyeusi, iitwayo melanini. Amonia iliyomo katika dawa huyafungua magamba ya unywele, maji ya oksijeni yakaingia ndani na kuivunja ile rangi. Nywele nyeusi huwa kahawia, kisha nyekundu, kisha rangi ya machungwa, na mwisho njano. Kwa kuwa weusi wetu ni mwingi, dawa hukaa muda mrefu, na madhara yake huwa makubwa. Unywele ukisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, kwa hiyo hauwezi kujiponya. Tena nywele zetu zimejikunja, na pale penye kona ndipo zinapokatika kwanza.

Tazameni pia namba zilizo juu ya chupa. Chupa yenye 20 ina asilimia 6 ya dawa, yenye 30 ina asilimia 9, yenye 40 ina asilimia 12. Ile ya kuoshea vidonda huwa na asilimia 3 tu. Mnunuzi hudhani namba kubwa ni dawa bora, kama vile noti ya mia inavyoishinda noti ya hamsini. Hakuna aliyemweleza kwamba namba kubwa ni moto mkubwa.

Liko jambo jingine, nalo linatuhusu sisi watu wa nchi ya shaba kuliko watu wengi wa dunia. Shaba na chuma huyachochea maji ya oksijeni. Yakikutana na madini hayo huchemka na kutoa joto. Ndiyo maana fundi mwenye kujua kazi hatumii bakuli la bati wala kijiko cha chuma. Na nywele zilizokwisha kunywa shaba, kwa mfano katika maji ya kuogea, huumia zaidi zikitiwa dawa hii kuliko nywele safi. Sasa nasi tunakaa wapi? Tunaoga maji gani? Vumbi gani hututulia vichwani kila jioni? Shauri lililoandikwa kwa ajili ya mtu wa Paris halikumfikiria mtoto wa Kolwezi.

Mfanyakazi wa asidi hudai glavu, miwani na buti, na asipopewa, chama chake hupiga kelele. Dada yake jikoni anashika dawa kali kwa mikono mitupu, mtoto mgongoni, dirisha limefungwa. Unga ule una chumvi ziitwazo pasulfati, na vumbi lake huleta pumu hata kwa mafundi wa saluni wanaoushika kila siku. Je, vifua vya mji huu havijashiba vumbi?

Sasa tuulize: ni nani aliyemfundisha?

Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji ilitoa kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaleta uandikishaji wa wale iliowahesabu kuwa wamestaarabika. Wakaguzi waliingia katika nyumba za watu. Walitazama meza, kitanda, vijiko, hata jinsi mama anavyowalea watoto wake. Mwafrika alikuwa mwanafunzi wa mtihani usio na mwisho, na mfano wa kuiga ulikuwa mtu mwingine. Mwaka 1960 mkaguzi alifunga sanduku lake akaenda zake. Lakini mtihani aliuacha, nasi tumekaa tukisahihishana wenyewe kwa wenyewe. Fulani ni mweupe, basi ni mzuri. Fulani nywele zake ni ngumu, basi ni wa kijijini.

Na mfano wenyewe ni wa kununua! Yule Marilyn Monroe ambaye picha zake zilienea duniani kote hakuzaliwa na nywele zile nyeupe. Zilitoka katika chupa. Jean Harlow wa filamu za miaka ya 1930, vivyo hivyo. Maji ya oksijeni yaligunduliwa na Mfaransa Thénard mwaka 1818, na baada ya nusu karne yalikwisha kuwa biashara ya vichwa huko Ulaya. Wanawake wa Kizungu wenyewe waliambiwa kwamba nywele zao za kahawia hazitoshi, nao wakalipa. Basi sisi tunamwiga mtu aliyekuwa akimwiga mtu mwingine. Tunakopa kwa mdaiwa!

Ndugu, kumbukeni jambo ambalo kila mama wa Kongo analijua. Mtoto akianza kubadilika nywele zikawa nyekundu au za njano, nyepesi, za kung'oka, mama haiti majirani waje kusifu. Anambeba kwenda zahanati. Ni ugonjwa wa kwashiorkor, ambao ndugu zetu wa Kivu huuita bwaki: mtoto amekosa chakula cha kutosha. Nywele za njano juu ya kichwa cha mtoto wetu ni alama ya njaa. Inakuwaje basi tununue alama ya njaa kwa fedha ya chakula?

Na ununuzi huo hauna mwisho. Nywele huota kama sentimita moja kila mwezi, na huota nyeusi. Mwezi ukiisha, mizizi yajionyesha, dawa lazima irudiwe. Kisha mwuzaji atasema: nywele zimeng'aa, lakini uso haulingani nazo. Ataleta krimu. Krimu nyingi za namna hiyo zina hidrokwinoni, nyingine zina zebaki. Umoja wa Ulaya ulikataza hidrokwinoni katika krimu za ngozi mwaka 2001. Wao wamezikataza kwao. Sisi tunazikuta sokoni kwetu, zimepangwa karibu na sabuni.

Hapa wengine watapiga makofi na kusema: vema, leteni fimbo! Tunawaambia: kaeni kitako. Fimbo imekwisha kujaribiwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU kule Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Hata kabla ya siku yenyewe, makundi ya wanaume yaliwavamia wanawake huko Kariakoo. Hapa kwetu, katika miaka ya 1970, Mobutu naye alikataza wigi na dawa za kung'arisha ngozi kwa jina la kurudia asili. Amri zilichakaa, dawa zikabaki. Kwa nini? Kwa sababu walimpiga mnunuzi wakamwacha mwuzaji, na wakaiacha ile dharau iliyomtuma mnunuzi dukani. Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini anayefuata asili kwa kuogopa kiboko, huyo naye ni nani kama si mtumwa?

Wala hatusemi kwamba kujipamba ni dhambi. Wanawake wa Kiluba walijulikana kwa misuko yao ya ajabu, iliyochukua saa nyingi za kazi, hata watu wakachonga mito ya mti ya kulalia ili nywele zisiharibike usiku. Mito ile leo imo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na wageni hulipa kuitazama. Bibi zetu walibadili umbo la nywele kila walipotaka, bila kuziomba radhi kwa weusi wake. Basi kijana akitaka njano kwa furaha yake, kama mchezaji wa ngoma anavyojipaka rangi, kichwa ni chake. Ajiulize swali moja tu kabla ya kufungua pakiti: kama hakuna mtu duniani angenidharau kwa nywele nyeusi, je, ningeyafanya haya? Akijibu ndiyo kwa moyo mweupe, hatuna neno. Akinyamaza, basi kuna mtu anayemdai, na deni hilo ni la uongo.

Nanyi wanaume, msijifiche nyuma ya gazeti. Siku ya mshahara ni nani anayepita akimwita msichana mwenye rangi nyepesi na kumwacha mwenzake mweusi kama hayupo? Ni nani anayemwambia mkewe: tazama wenzako wanavyong'aa? Dawa ile inakorogwa jikoni, lakini inaanza katika vinywa vyenu. Ninyi mliochukia kuitwa wafanyakazi wa daraja la pili, msiwapange dada zenu kwa madaraja.

Tunadai haya. Kwanza, kila pakiti inayouzwa hapa iwe na maelezo kwa Kiswahili, na nguvu ya dawa iandikwe wazi. Pili, shehena zikaguliwe kweli kweli zinapoingia, hasa pale Kasumbalesa, na zenye zebaki zisipite. Tatu, mwenye kazi asichague mtu wa kukaa mbele ya wageni kwa rangi ya ngozi au ya nywele.

Na kwa yule ambaye hata hivyo ataipaka leo usiku, hatutamwacha aungue kwa kuwa hakutusikia. Asiitie juu ya nywele zilizonyooshwa kwa dawa. Ajaribu kwanza fungu dogo la nywele, aone kama zitakatika au kupata moto. Atumie bakuli la plastiki, avae glavu, afungue dirisha, watoto wawe mbali. Asipake kichwa chenye kidonda. Kikianza kuwaka, asihesabu dakika: aoshe hapo hapo kwa maji mengi. Yakiingia machoni, aoshe kwa maji mengi na kwenda zahanati. Na mabaki yaliyokorogwa asiyafungie katika chupa, kwa maana huvimba na kupasua.

Yule binti wa jirani nywele zake zimeanza kuota tena. Zimeota nyeusi, fupi, zenye nguvu, wala hakuna aliyezilipia hata franka moja. Juzi alipita mbele ya nyumba yetu bila kitambaa. Mama mmoja mzee akamwita, akamshika kichwa, akasema: sasa mwanangu umerudi nyumbani.

Ndugu, shaba yetu imetoka kwa treni na kwa malori miaka zaidi ya mia moja, nasi bado tunadai bei yake. Tusiuze na kile kidogo ambacho hakuna kampuni iliyokichimba. Nywele nyeusi si deni. Asiyekuwa na deni halipi!