Swali Lililomfanya Akate Simu

Hapa Houston kuna kuta zilizochorwa sura ya Vanessa Guillén. Alikuwa binti wa mji huu, mwanajeshi wa Marekani, akauawa ndani ya kambi ya Fort Hood Aprili 2020, ana miaka 20. Kabla ya hapo alimwambia mama yake kwamba ananyanyaswa kingono kazini. Mwaka 2021 uchunguzi wa jeshi lenyewe ulithibitisha kuwa msimamizi wake alimnyanyasa, na wakuu wa kikosi walioletewa habari hawakuchukua hatua.

Nililia na mji mzima. Kisha simu yangu ikaita saa tisa usiku. Alikuwa binti wa dada yangu, askari katika kambi nyingine. "Mama mdogo, kuna mtu kaniingilia kwa nguvu." Mimi ni muuguzi, nimewahudumia waliobakwa. Lakini neno lililonitoka ni hili: "Ulifuata nini chumbani kwake?"

Akakata simu. Zilipita siku kumi na moja za kimya.

Aliyemshika mkono siku hizo ni mtetezi wa waathirika pale kambini. Alimweleza kwamba anaweza kutoa taarifa ya siri: atatibiwa, atapata ushauri nasaha na wakili, na mkuu wa kikosi hataambiwa jina lake. Akiwa tayari, ataigeuza kuwa ya wazi na uchunguzi uanze. Alichagua ya siri. Dada yangu kule Tanga akasema anyamaze kabisa, nani atamwoa? Mume wangu akataka ashtaki kesho yake asubuhi. Wote wawili walimpenda, na wote wawili walitaka kumwamulia, wakati ndiyo kwanza ametoka kunyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe.

Sheria imebadilika. Tangu Desemba 28, 2023, uamuzi wa kufungua kesi za ubakaji jeshini hufanywa na waendesha mashtaka maalumu walio nje ya mamlaka ya kamanda. Zamani kamanda huyohuyo, bosi wa mshtakiwa na wa mwathirika, ndiye aliyeamua kama kuna kesi. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ingawa ilichelewa mno. Ila simu ya usiku haipigwi kwa mwendesha mashtaka. Inapigwa kwetu.

Watoto wetu wa Afrika Mashariki wanajiunga na jeshi hili kwa ajili ya uraia na ada ya chuo. Tunawaaga kwa pilau na dua. Katika shughuli hizo sijasikia hata mmoja akiambiwa kuna taarifa ya siri, au kwamba akishatoka jeshini, hospitali za maveterani zitamtibu majeraha ya ubakaji bure hata kama hakuwahi kumshtaki mtu. Aambiwe kabla hajapanda ndege, na mzazi awepo asikie.

Binti yetu ametoka jeshini. Kila Alhamisi nampeleka kliniki, namsubiri garini. Akirudi, mimi simuulizi kitu. Siku nyingine anaongea mwenyewe mpaka tunafika nyumbani.